Mwongozo kamili: kutengeneza mbolea ya maji kwa mabaki ya samaki, na kuitumia kwenye mbegu bila kuziua

Naanza na kitu ambacho kingeniokolea trei nzima ya nyanya kama mtu angeniambia mapema: mbegu haihitaji mbolea ili iote. Imezaliwa na chakula chake. Pasua harage lililolowekwa uone yale mapande mawili manene, yote yale ni akiba, kwenye hindi akiba ni ule unga uliojaa ndani, halafu pembeni kuna kichipukizi kidogo kimelala kinasubiri vitu vitatu tu, maji, hewa na joto. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mbolea ya samaki inaotesha mbegu, muulize kwanza anaichanganyaje, maana mbolea hiyo hiyo ikiwa nzito ndo inaua mbegu kabla hata haijachungulia nje.

Mimi mara ya kwanza nilifurahi kuona ndoo yangu imeiva, nikachota upawa mmoja nikatia kwenye keni ya kumwagilia, nikamwagilia trei yenye matundu 128. Zikaota 9. Siku ya kumi na mbili nikachokoa tundu moja kwa njiti ya kiberiti, nikaikuta mbegu imevimba vizuri tu, imepasuka, kamzizi kametoka kama milimita 2 halafu ncha imekuwa kahawia kama imeguswa na sigara. Haikufa njaa ile, ilivimbiwa.

Kilichotokea ni hivi. Mbolea nzito ina chumvichumvi nyingi zilizoyeyuka ndani yake, na maji yenye chumvi nyingi hayaingii kwenye mbegu kirahisi, yaani mbegu imekaa kwenye maji lakini ina kiu. Juu ya hapo kuna amonia, ile harufu kali inayochoma pua samaki akianza kuvunda, hiyo ni sumu kabisa kwa mzizi mchanga. Sasa ukiondoa hayo mawili, yaani ukaiivisha mbolea vizuri na ukaizimua sana, unabaki na kitu kizuri: maji yenye asidi za amino, yaani vipande vya protini iliyovunjika, na madini kidogo kidogo ambayo unaweza kulowekea mbegu, halafu ukamlisha mche pale akiba yake inapoisha. Huo muda wa pili, mche ukiwa na majani halisi ya kwanza, ndo mbolea hii inafanya kazi yake kubwa. Ya kwenye mbegu ni nyongeza, tena nyongeza ya matone.

Haya, tuingie kazini.

Kwanza ujue ndani ya ndoo kunatokea nini

Samaki anajimeng'enya mwenyewe. Tumboni mwake kuna vimeng'enya, wengine wanaita enzaimu, ambavyo akiwa hai vinavunja chakula chake, akifa vinageuka kuvunja nyama yake. Ndo maana samaki ambaye hajatolewa matumbo analainika haraka sana kuliko aliyesafishwa. Sisi tunataka hiyo kazi ya kumeng'enya iendelee ila hatutaki bakteria wa kuoza waingie, na dawa yao ni ama sukari nyingi ama uchachu. Sukari nyingi inanyonya maji kote kote mpaka bakteria wa kuoza wanashindwa kuishi. Uchachu nao, pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu umezidi) ikifika karibu na 4, wale wabaya wengi wanalala.

Warumi wa kale walikuwa na sosi yao inaitwa garum, walichukua matumbo ya samaki wakayaloweka kwenye chumvi juani kwa wiki nyingi mpaka yakawa maji, kazi ile ile ya vimeng'enya. Tofauti ni kwamba wao walitumia chumvi kuzuia uozo na sisi chumvi hatuitaki hata kidogo, tunapeleka shambani sio mezani.

Vitu vya kuandaa

Ndoo ya plastiki yenye mfuniko, lita 10 inatosha kuanzia. Usitumie bati wala chuma kwa sababu uchachu unakula chuma, na chupa ya kioo iliyofungwa kabisa usiguse, gesi ikijaa inapasuka na vioo vyake vikiruka si vya mchezo. Fimbo ya kukorogea ambayo haitarudi jikoni tena. Glavu. Kisu au panga dogo na ubao wa zamani. Mizani, hata ile ya kuning'iniza. Kitambaa kizito chenye matundu madogo na kamba au mpira wa kufungia mdomo wa ndoo. Sirinji ya mililita 5 au 10 isiyo na sindano, hii usiidharau, kesi yangu ya trei ya nyanya ilianzia kwenye upawa. Karatasi za kupimia pH kama unazipata ni vizuri, ukikosa tutatumia pua.

Hatua ya 1: kupata mabaki yanayofaa

Vichwa, matumbo, matamvua, ngozi, mapezi, mifupa, magamba, vyote vinaingia. Matumbo ndo muhimu kuliko vyote kwa sababu ndo yenye vile vimeng'enya, kwa hiyo ukiletewa vichwa vitupu na mifupa itachukua muda mrefu sana, omba na matumbo. Magamba yanachelewa mno kuyeyuka, mimi huwa naweka kidogo tu.

Yawe ya leo. Sio ya juzi. Ukipata jioni na huna muda weka kwenye friza mpaka kesho, ukiyagandisha hayaharibiki na yakiyeyuka yanalainika vizuri zaidi. Mabaki yaliyokwisha kuanza kunuka amonia yana sumu tayari na sukari haiiondoi, hayo chimbia shambani au peleka kwenye mboji, usijidanganye kwamba yatajirekebisha yenyewe ndani ya ndoo.

Ya samaki wa baharini yasuuze kwa maji safi mara moja au mbili, wa maji baridi sio lazima. Mabaki ya samaki wa chumvi, yaani wale waliokaushwa kwa kutiwa chumvi, achana nayo kabisa kwa kazi hii ya mbegu. Waliokaangwa pia hapana, mafuta ya kupikia yanakuja kukusumbua mbele na vimeng'enya vyote vimeshaungua. Na samaki wa kwenye maji yanayoingia taka za viwanda mwache, metali nzito hazichachuki zikaisha, zinabaki pale pale na unazihamishia kwenye udongo wako.

Hatua ya 2: katakata

Vipande vidogo iwezekanavyo, ukubwa wa nusu kidole gumba kushuka chini. Kuna wanaosaga kwenye blenda, ni sawa na inaharakisha sana ila hiyo blenda ndo imeshahama ukoo, haitengenezi juisi tena. Ukiwa na maganda ya papai bichi au ya nanasi yakatie humo humo kiganja kimoja au viwili, papai na nanasi vina vimeng'enya vya kuvunja protini, ndo vile vinavyolainisha nyama ngumu jikoni, na hapa vinasaidia kazi ile ile.

Hatua ya 3: chagua njia

Kuna njia mbili ambazo mtu wa nyumbani anaweza bila kununua asidi. Ya viwandani wanatumia asidi ya fomiki, hiyo siielezi hapa kwa sababu inaunguza ngozi na mapafu na haina haja kwa ndoo moja.

Njia ya sukari. Hii imepata jina sana kupitia kilimo asili cha Korea alichokieneza Cho Han-kyu. Uzito wa samaki uwe sawa na uzito wa sukari. Kilo 3 za mabaki, kilo 3 za molasi (ule uji mweusi mzito unaobaki sukari ikitengenezwa) au sukari guru au sukari ya kawaida, bora sukari guru au molasi kwa kuwa zina madini yake. Weka tabaka la samaki, tabaka la sukari, samaki, sukari, la juu kabisa liwe sukari nene ifunike kila kitu, hakuna kichwa kinachochungulia nje. Kwa molasi haina tabaka, mimina tu na ukoroge mpaka kila kipande kimepakwa. Ndoo isizidi theluthi mbili. Hakuna kuongeza maji. Baada ya siku mbili tatu utaona sukari imevuta maji kutoka kwenye samaki na kila kitu kinaelea kwenye uji mweusi.

Uzuri wa njia hii ni kwamba ni ngumu kuiharibu. Ubaya ni gharama ya sukari na muda, hesabu miezi 3 mpaka 6, sehemu za joto inawahi, sehemu za baridi inachelewa.

Njia ya mtindi. Hii ndo ninayoitumia siku hizi. Hapa sukari ni kidogo kwa sababu haizuii uozo yenyewe, inakuwa chakula cha bakteria wa maziwa ambao wanatengeneza uchachu, na uchachu ndo unazuia. Kilo 2 za mabaki, lita 2 za maji, gramu 600 au 700 za molasi, na mililita 200 za maji ya mtindi. Maji ya mtindi ni yale ya njano njano yanayojitenga juu maziwa yakiganda, sio mtindi wa dukani uliotiwa ladha ya matunda, yawe ya maziwa yaliyoganda kwa bakteria hai. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaache kwenye beseni wazi siku nzima kwanza, klorini kazi yake ni kuua bakteria na haitachagua wako wazuri.

Yeyusha molasi kwenye maji, tia maji ya mtindi, koroga, ndo uweke samaki. Ndani ya wiki 3 mpaka 5 kwenye joto la nyuzi 25 hivi kazi inakuwa imekwisha.

Ukinibana nichague moja kwa mtu anayeanza nitasema sukari kama sukari unaipata kirahisi, kwa sababu ukikosea njia ya mtindi, tuseme maji ya mtindi yalikuwa yamekufa au molasi uliipunja, unaweza kuamka siku ya nne nyumba nzima inanuka na jirani anauliza kuna nini.

Hatua ya 4: kusubiri, na kusoma harufu

Funika kwa kitambaa kwenye njia ya sukari, funga kwa kamba kila upande, nzi akipata nafasi ya ukubwa wa punje ya mchele anatosha kukuletea funza. Kwa njia ya mtindi tumia mfuniko wenyewe ila usiukaze, uache ulegee gesi itoke. Mimi niliwahi kukaza. Asubuhi moja nimekaa nasikia pu, mfuniko umepiga ukuta na ule uji umepaka mpaka nguo zilizoanikwa, na shombo la samaki kwenye shati wewe unalijua, unafua mara tatu na bado paka wanakufuata.

Weka kivulini, mbali na nyumba, mahali mbwa na panya hawafiki. Juu ya mfuniko weka jiwe lakini lisizibe hewa. Koroga kila siku wiki ya kwanza, baada ya hapo mara moja kwa wiki yatosha, na ukifungua usiinamie ndoo papo hapo, geuza uso kwanza gesi ipite.

Sasa pua. Siku za kwanza ni shombo tu, ni kawaida. Kuanzia wiki ya pili shombo inaanza kufunikwa na utamu mzito wenye uchachu, kama molasi imekutana na siki, hapo uko njiani. Ukungu mweupe juu sio shida, koroga urudi chini. Ukungu mweusi au wa kijani, utoe kwa kijiko na uongeze sukari juu. Ukisikia amonia inachoma pua au mayai viza, uozo umeanza kushinda, hapo ongeza molasi kama robo ya uzito wa samaki, kwa njia ya mtindi ongeza na maji mengine ya mtindi, koroga sana, ipe siku 3. Ikigoma usiilazimishe, imwage kwenye shimo refu na ufukie.

Kuna ule msemo wa samaki mmoja akioza wote wameoza, kwenye ndoo hii ni kweli hasa, kipande kimoja kilichoelea juu nje ya sukari kinaweza kuanzisha balaa la ndoo nzima. Ndo maana ya kukoroga.

Utajua imeiva hivi: nyama haionekani tena, imebaki mifupa mitupu ambayo ukiibonyeza inavunjika kirahisi, mapovu yamekoma, maji yamekuwa kahawia mazito, na harufu ni ya uchachu sio ya uozo. Kama una karatasi ya pH, njia ya mtindi itafute iwe 4 au 4.5 hivi. Zaidi ya 5 bado, usiitumie kwenye mbegu.

Hatua ya 5: kuchuja

Chuja kwanza kwa chujio la kawaida kutoa mifupa, halafu kwa kitambaa kutoa tope. Usikamue kwa nguvu, tope likipita litaziba bomba la kupulizia na kwenye kitambaa cha kuoteshea litaota ukungu. Acha maji yatulie usiku mmoja, asubuhi utakuta mafuta yameelea juu, yaengue kwa kijiko. Hatua hii wengi wanairuka, lakini samaki wa mafuta mengi anaacha utando ambao ukiipaka mbegu unazuia maji na hewa kuingia, na udongo wa kitalu ukishapata mafuta unakataa maji, unamwagilia yanateleza pembeni.

Makapi usitupe. Mifupa ile iliyolainika ina kalsiamu na fosforasi, ifukie kina cha sentimita 30 au zaidi chini ya mti wa matunda au katikati ya lundo la mboji. Juu juu usiweke, mbwa watakufukulia shamba.

Jaza kwenye chupa za plastiki usifike juu kabisa, legeza kifuniko wiki mbili za kwanza, andika jina na tarehe kwa kalamu nzito. Jina ni lazima kwa sababu inafanana kabisa na molasi na nyumba ikiwa na watoto hutaki mtu aionje. Kivulini, penye ubaridi, inakaa miezi 6 mpaka mwaka.

Hatua ya 6: jaribio la visahani vitatu

Hapa ndo nataka utulie, maana kila ndoo inatoka na ukali wake, samaki tofauti, sukari tofauti, joto tofauti, kwa hiyo vipimo vya mtu mwingine, hata hivi vyangu, ni pa kuanzia tu.

Chukua visahani vitatu, kila kimoja tandika karatasi laini ya jikoni au pamba. Cha kwanza lowanisha kwa maji matupu. Cha pili kwa mbolea ya 1 kwa 1000, yaani mililita 1 ya mbolea kwenye lita 1 ya maji. Cha tatu kwa 1 kwa 200, mililita 5 kwenye lita 1. Karatasi iwe mbichi ila usione maji yanaelea. Hesabu mbegu 20 za aina moja kutoka pakiti moja kwa kila kisahani, funika kwa mfuko wa plastiki usiobana, weka mahali penye joto na pasipo jua kali, chungulia kila siku.

Siku nyanya au kabichi zinapoanza kutoa kamzizi, usihesabu tu ngapi zimeota, pima urefu wa mizizi kwa rula na angalia ncha zake. Ncha nyeupe yenye vinyweleo kama ukungu mwepesi ni afya, hivyo vinyweleo ndo mdomo wa mche na sio ugonjwa, wengi wanatupa wakidhani ni fangasi. Ncha ya njano au kahawia, fupi, nene kama kiberiti, imeungua. Kisahani cha 1 kwa 200 karibu kila mara kinaonyesha dalili hiyo, nimekiweka makusudi uione kwa macho yako ujue kuungua kunafananaje. Kisahani cha 1 kwa 1000 kikilingana na cha maji au kukizidi, mbolea yako iko salama kwa mbegu. Kikiwa nyuma, ama haijaiva ama ni kali, jaribu tena kwa 1 kwa 2000 au isubirishe mwezi mwingine.

Na kama hata kisahani cha maji kimeota mbegu 6 kati ya 20, shida sio mbolea, mbegu zenyewe ni za zamani. Mbegu iliyokufa haifufuki hata ukailoweka kwenye asali.

Hatua ya 7: kuloweka mbegu

Mchanganyiko ni ule wa 1 kwa 1000. Sirinji, mililita 1, lita 1 ya maji ya uvuguvugu wa kawaida, basi. Mkono utawasha kuongeza kidogo, usiongeze.

Muda unategemea ganda. Mbegu zenye ganda gumu kama bamia, boga, tikiti, karela, masaa 8 mpaka 12. Mahindi masaa 6 mpaka 12. Nyanya, pilipili, biringanya masaa 6 hivi. Maharage na kunde masaa 2 mpaka 4 tu, yakizidi yanavimba haraka kuliko ganda linavyoweza kutanuka, yanapasuka na yakifika udongoni yanaoza. Zile ndogo sana kama mchicha na saladi usiloweke, zitagandana utashindwa kuzisia, zinyunyizie tu mara moja baada ya kusia. Usilaze mbegu yoyote ndani ya maji siku nzima na zaidi, inavuta hewa kama wewe, na kwenye maji inazama.

Mbegu zilizopakwa dawa, zile za pinki au bluu au kijani, hizo usiloweke kabisa. Unaosha dawa uliyoilipia halafu unabaki na beseni la sumu la kumwaga.

Ukishatoa zimwage kwenye chujio, zipitishie maji safi mara moja, tandaza kwenye karatasi kivulini mpaka ziache kuteleza mkononi, na uzipande siku hiyo hiyo. Mchanganyiko uliobaki mwagia mmea mkubwa wowote, usiutunze mpaka kesho, mbolea ikishazimuliwa uchachu wake umeisha nguvu na inaanza kuoza upya.

Hatua ya 8: kwenye kitalu

Udongo wa kusia uwe mwepesi, unaopitisha maji, na usiwe na mbolea nyingi. Mwagilia maji matupu. Narudia, maji matupu, mpaka mbegu zote zichomoze. Udongo wa kitalu ukiwa na nitrojeni nyingi na unyevu muda wote unaita kinyausi, ule ugonjwa ambao jioni miche imesimama na asubuhi imelala chini shingo imenyong'onyea kama uzi. Nimeona watu wanalaumu mbegu kumbe ni mapenzi ya mbolea.

Majani mawili ya kwanza yanayofunguka ni majani ya mbegu, kwenye nyanya ni membamba marefu hayafanani kabisa na jani la nyanya. Bado usimpe kitu, anakula akiba. Subiri jozi inayofuata, ile yenye umbo la jani lenyewe, hapo akiba imeisha na mche unaanza kukutegemea. Anza na 1 kwa 1000 kwenye udongo mara moja kwa wiki, wiki ya pili au ya tatu panda mpaka 1 kwa 500, yaani mililita 2 kwa lita. Mwagilia asubuhi, udongo uwe na unyevu tayari, usiimwage kwenye udongo mkavu. Siku 3 kabla ya kupandikiza mpe mara moja ya mwisho, halafu wiki nzima baada ya kupandikiza maji tu.

Ukiona ncha za majani zinakauka kahawia, umezidisha, mwagilia maji mengi mara mbili upitishe chini, halafu rudi nusu. Majani yakiwa kijani kibichi sana na miche imerefuka kama inakimbia, hapo ni nitrojeni au kivuli kimezidi, simamisha mbolea na miche uipeleke penye mwanga.

Mmea ukishakomaa shambani unaweza kufika 1 kwa 200 chini ya shina kila wiki mbili. Kwa mboga za majani usinyunyizie juu ya majani unayoenda kula, mwaga chini, maana mabaki ya samaki yanaweza kuwa na vimelea na sio kila ndoo imefikia uchachu wa kuviua vyote. Osha mikono kwa sabuni hata kama ulivaa glavu.

Mambo madogo yanayosumbua

Paka na mbwa wanafukua trei, hasa siku ya kwanza. Chuja vizuri, engua mafuta, na funika trei kwa wavu siku mbili. Shombo likibaki mkononi sugua na limau na chumvi kabla ya sabuni. Nzi wakikusanyika kwenye ndoo kuna mahali kitambaa kimelegea, usipige dawa ya kuua wadudu humo, kaza kamba.

Na funza wakiingia, usiogope sana. Ndoo ya kwanza niliyopata funza niliimwaga yote kwa kinyaa, siku hizi nawachota juu kwa chujio nawapa kuku, naongeza sukari, nafunga upya, inaendelea kama kawaida.

Ndoo ya pili itakuwa rahisi zaidi kama ulitumia njia ya mtindi, kwa sababu huhitaji tena kutafuta maziwa. Chota kikombe kimoja cha ile iliyoiva vizuri, ambayo visahani vimeipitisha, uitie badala ya maji ya mtindi, bakteria wako tayari na wameshazoea samaki. Ila ichote kabla hujaanza kugawia majirani, mimi niligawa mpaka chupa ya mwisho nikaanza upya na maziwa.